Connie Mack: Kocha aliyeuza mabingwa akavuna vichapo 117

KATIKA historia ya besiboli nchini Marekani, hakuna kocha aliyeshinda mechi nyingi kumliko Connie Mack. La ajabu ni kwamba hakuna pia aliyeshindwa mara nyingi kama yeye.

Mkongwe huyo, aliyefariki mwaka wa 1956, aliinoa klabu ya Philadelphia Athletics kwa misimu 50 mfululizo, tangu 1901 hadi 1950. Ukijumlisha na muda aliokuwa usukani kule Pittsburgh, vikosi vyake vilishinda zaidi ya mechi 3,700 na kupoteza zaidi ya 3,900.

Alinyakua ubingwa wa ligi mara tisa na taji la kitaifa mara tano. Alivuta mkia mara 17.

Katika miaka hiyo yote ya asali na shubiri, upo msimu mmoja ambao wapenzi wa mchezo huo hawajausahau. Mwaka wa 1916, Athletics ilishinda mechi 36 pekee na kulimwa katika mechi 117. Tangu mwaka wa 1901, hakuna timu ya ligi kuu iliyomaliza msimu mzima ikiwa na kiwango cha chini zaidi cha ushindi.

Linaloufanya msimu huo kuwa kitendawili ni kwamba miaka miwili tu awali, klabu hiyo hiyo ilikuwa ikiogopwa kote nchini. Aliyeivunja hakuwa hasimu wa nje. Alikuwa Mack mwenyewe.

Mwana wa wahamiaji

Jina lake kamili lilikuwa Cornelius McGillicuddy. Alizaliwa Desemba 1862 katika mji mdogo wa East Brookfield, jimbo la Massachusetts, wakati Marekani ilipokuwa imetumbukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ireland, na baba yake alikuwa miongoni mwa waliovaa magwanda ya jeshi la majimbo ya kaskazini.

Maisha hayakuwa rahisi. Akiwa angali mtoto, alianza kufanya vibarua katika kiwanda cha pamba. Aliacha shule mapema ili kuisaidia familia yake, na baadaye akaajiriwa katika kiwanda cha viatu. Huko ndiko alikojifunza thamani ya kila senti, funzo lililomfuata hadi uzeeni na ambalo wengine waliligeuza kuwa lawama.

Alikuwa mrefu na mwembamba kama mwanzi. Kiwanjani alicheza kama mdakaji, yule anayechutama nyuma ya mpigaji kuupokea mpira unaorushwa kwa kasi. Hakuwa hodari sana wa kupiga, ila alikuwa mwingi wa hila. Alijua kuiga mlio wa mpira unaoparuza gongo ili kumhadaa mwamuzi, na mara nyingine aliligusa gongo la mpinzani kichinichini wakati wa kupiga.

Alianza kucheza kwa malipo mwaka wa 1884, akaingia ligi kuu na timu ya Washington mwaka wa 1886. Mwaka wa 1890 alijiunga na ligi iliyoanzishwa na wachezaji wenyewe ili kujinasua kutoka kwa matajiri waliowabana. Aliwekeza akiba yake katika timu ya Buffalo. Ligi hiyo ilidumu mwaka mmoja tu, na fedha zake zikazama nayo.

Majonzi hayakukoma hapo. Mwaka wa 1892, mkewe Margaret alifariki na kumwachia watoto watatu wadogo. Aliendelea kucheza Pittsburgh, akapewa ukocha mwaka wa 1894, kisha akatimuliwa baada ya msimu wa 1896. Huo ulikuwa mwisho wa yeye kufutwa kazi na mtu yeyote.

Ndovu mweupe

Mwaka wa 1901, ligi mpya ya American League ilijitangaza kuwa sawa na ile kongwe ya National League. Mack alipewa jukumu la kuunda timu mjini Philadelphia. Mfadhili mkuu alikuwa Ben Shibe, mtengenezaji wa mipira, naye Mack akapata robo ya hisa. Baadaye hisa zake zilifikia nusu.

Hilo ni jambo la kuzingatiwa. Kwa Mack, kocha na mwajiri walikuwa mtu mmoja. Yeye ndiye aliyechagua kikosi, na yeye ndiye aliyehesabu mapato ya lango jioni.

John McGraw, kocha wa New York Giants, aliikejeli klabu hiyo changa kwa kuiita ndovu mweupe, yaani mnyama wa gharama asiye na faida. Mack hakukasirika. Alimchukua ndovu huyo na kumfanya nembo ya timu. Mwaka huo huo wa 1902, Athletics ikawa bingwa wa ligi.

Tofauti na makocha wengine, Mack hakuvaa sare ya wachezaji. Aliketi penye benchi akiwa amevalia suti, tai na kola ngumu, mkononi akiwa na karatasi ya kuandikia alama. Kwa kuipunga karatasi hiyo aliwaelekeza walinzi wake wasogee kushoto au kulia. Hakuwa mtu wa kufoka wala kutukana. Mchezaji akikosea, alimwita faraghani na kumrekebisha kwa upole. Nao walimwita Bwana Mack, na heshima hiyo haikupungua hata timu ilipodidimia.

Mwaka wa 1909 klabu ilihamia Shibe Park, uwanja wa kwanza wa ligi kuu kujengwa kwa chuma na saruji. Ndipo enzi za neema zilipowadia. Athletics ilitwaa World Series, fainali inayokutanisha mabingwa wa ligi hizo mbili, katika miaka ya 1910, 1911 na 1913. Katika fainali mbili za mwisho, waliofundishwa adabu walikuwa Giants wa McGraw.

Uti wa mgongo wa kikosi hicho ulikuwa walinzi wanne wa ndani: Stuffy McInnis, Eddie Collins, Jack Barry na Frank Baker. Magazeti ya wakati huo yaliwapa thamani ya dola 100,000, kiasi ambacho mfanyakazi wa kawaida asingeweza hata kukiota. Nyuma yao walikuwapo warushaji stadi Eddie Plank, Chief Bender na Jack Coombs.

Mabingwa wauzwa

Hata hivyo, kutangulia si kufika. Mwaka wa 1914 Athletics ilitawazwa tena bingwa wa ligi kwa kushinda mechi 99. Ilitarajiwa kuizaba Boston Braves katika fainali bila kutoa jasho, kwa sababu Boston ilikuwa imeburura mkia wa ligi yake hadi katikati ya Julai. Kilichotokea kiliwaacha wengi vinywa wazi. Boston ilishinda mechi nne mfululizo, na Athletics ikatoka mikono mitupu.

Nyuma ya aibu hiyo palikuwa na mgogoro wa fedha. Mwaka huo huo, matajiri wengine walikuwa wamezindua ligi ya tatu, Federal League, na kuanza kuwashawishi nyota wa ligi zilizotangulia kwa mishahara minono. Wachezaji wa Mack walijua thamani yao. Wengine walimtaka alingane na dau la wapinzani, na umoja chumbani mwa timu ukaingia ufa.

Isitoshe, mashabiki wa Philadelphia walikuwa wamekinai ushindi. Mwaka wa 1913, takriban watu 571,000 walihudhuria mechi za nyumbani. Mwaka wa 1914, licha ya timu kuongoza ligi, idadi hiyo ilishuka hadi karibu 346,000. Aidha, sheria za Pennsylvania zilikataza mechi za Jumapili, siku ambayo wafanyakazi wa viwandani walikuwa na nafasi ya kwenda uwanjani.

Mack alikuwa na njia mbili. Angeweza kukopa na kuwalipa nyota wake, akitumaini kwamba ligi hiyo ngeni ingeporomoka. Au angewaachilia na kuanza upya. Akachagua ya pili.

Plank, Bender na Coombs waliruhusiwa kuondoka, wawili wa kwanza wakielekea Federal League. Desemba 1914, Collins aliuzwa kwa Chicago White Sox kwa dola 50,000. Baker, aliyegombania mshahara, aliketi nje msimu wote wa 1915. Barry alipelekwa Boston Red Sox katikati ya msimu huo, na chipukizi Herb Pennock akafuata njia hiyo hiyo. Mrushaji Bob Shawkey alienda New York Yankees.

Matokeo yalikuwa ya papo kwa hapo. Kutoka ushindi wa mechi 99, timu ilianguka hadi 43 mwaka wa 1915 na kushika nafasi ya mwisho. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo bingwa wa ligi kuwa wa mwisho mwaka uliofuata.

Mtu angeweza kumtetea Mack kwa kusema kuwa alilazimika. Lakini mwishoni mwa mwaka wa 1915, Federal League ilivunjwa. Tishio lililomfanya auze halikuwapo tena. Badala ya kumrejesha Baker kikosini, Mack alimuuza kwa Yankees kwa dola 37,500. Kati ya wale walinzi wanne mashuhuri, McInnis pekee ndiye aliyebaki.

Mwaka wa vilio

Hivyo ndivyo msimu wa 1916 ulivyoanza. Mack alijaza nafasi kwa vijana kutoka vyuoni na ligi ndogo, akiwapokea na kuwaacha kwa makumi. Wengi wao hawakuwa wamekomaa. Whitey Witt, kijana aliyetwikwa jukumu la kulinda eneo lililokuwa la Barry, alifanya makosa zaidi ya 70 katika msimu mmoja.

Pembeni yake alikuwapo Napoleon Lajoie, gwiji ambaye mwaka wa 1901 alikuwa ameng'ara kuliko wote katika ligi hiyo akiwa na jezi ya Athletics. Sasa alikuwa na umri wa miaka 41, miguu imechoka. Huo ukawa msimu wake wa mwisho katika ligi kuu.

Mwezi wa Julai ulikuwa msiba. Athletics ilicheza mechi 30 na kushinda mbili tu. Kuanzia Julai 21 hadi Agosti 8 ilipoteza mechi 20 bila hata sare ya kujifariji. Ugenini ilishinda mara 13 na kupoteza 64, hata wenyeji wakawa wanahesabu ujio wake kama ushindi ulio mfukoni.

Walioumia zaidi walikuwa warushaji. Katika besiboli, jina la mrushaji huandikwa kando ya matokeo, ashinde au ashindwe, hata kama walinzi wake ndio walioangusha mpira. Jack Nabors alipata ushindi mmoja na vichapo 20, vikiwemo 19 mfululizo. Mwenzake Tom Sheehan alishinda mara moja na kupoteza 16.

Nabors hakushinda mechi nyingine katika ligi kuu. Aliondoka akiwa na ushindi mmoja na vichapo 25, na akafariki mwaka wa 1923 kabla ya kufikia uzee. Anapotajwa leo, hutajwa kwa takwimu hizo tu. Bei ya kuwauza akina Collins haikulipwa na Mack peke yake.

Hata hivyo, hata katika giza hilo palikuwa na mwanga. Joe Bush alishinda mechi 15 akiwa na timu hiyo dhaifu, na mnamo Agosti 26 aliinyima Cleveland hata pigo moja salama katika mechi nzima. Elmer Myers alishinda 14. Hii ina maana kwamba wawili hao walichangia ushindi 29 kati ya 36 za timu, huku wakipoteza jumla ya mechi 47 baina yao.

Pazia lilipoteremshwa, Athletics ilikuwa nyuma ya mabingwa Boston Red Sox kwa pengo la mechi 54 na nusu. Hata Washington, iliyokuwa ya saba kati ya timu nane, iliipita kwa mechi 40.

Kwa msomaji aliyezoea kandanda, ni vyema kueleza kwamba ligi za Marekani hazina utaratibu wa kushushwa daraja. Timu inayovuta mkia hubaki pale pale na kuanza upya mwaka unaofuata.

Kibaya zaidi, aliowauza walikuwa wakivuna kwingineko. Barry alikuwa katika kikosi cha Boston kilichotwaa taji mwaka huo. Shawkey alishinda mechi 24 akiwa na Yankees. Mwaka uliofuata, Collins aliisaidia Chicago kutwaa World Series. Mashabiki wa Philadelphia walisoma habari hizo magazetini huku viti vya Shibe Park vikibaki vitupu. Msimu mzima wa 1916 uliwavutia watu takriban 184,000 tu.

Baada ya dhiki

Kocha mwingine yeyote angefungashiwa virago. Lakini nani angemfuta mwenye mali? Mack alivuta mkia kwa miaka saba mfululizo, kutoka 1915 hadi 1921. Ni mwaka wa 1922 tu ndipo alipopanda hatua moja hadi nafasi ya saba.

Mwanamume huyo, ambaye sasa alikuwa amepita umri wa miaka 60, alianza kujenga tena kwa subira ya mkulima. Safari hii alifungua mkoba. Alimnunua mrushaji Lefty Grove kutoka Baltimore kwa dola 100,600. Akawakusanya Al Simmons, mdakaji Mickey Cochrane na Jimmie Foxx, aliyekuwa kijana wa miaka 17 alipocheza mechi yake ya kwanza mwaka wa 1925.

Mwaka wa 1929, Athletics ilishinda mechi 104 na kuiacha Yankees ya Babe Ruth na Lou Gehrig nyuma kwa mechi 18. Katika mechi ya kwanza ya fainali dhidi ya Chicago Cubs, Mack aliwashangaza wote kwa kumwanzisha Howard Ehmke, mkongwe ambaye hakuwa ametumika sana msimu huo. Ehmke aliwaondoa wapigaji 13, rekodi ya fainali wakati huo. Katika mechi ya nne, Athletics ilikuwa chini 8-0 kabla ya kufunga mikimbio 10 katika awamu moja.

Ilishinda taji hilo, ikalihifadhi mwaka wa 1930, na ikaongoza ligi tena mwaka wa 1931. Jiji la Philadelphia lilimtunuku Mack tuzo ya Bok, ambayo kwa kawaida ilikwenda kwa wasanii, wasomi na wahisani.

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Mdororo mkuu wa uchumi ulipoikumba Marekani, mapato yakapungua na madeni yakazidi. Mack akarejea sokoni. Simmons na wenzake wawili waliuzwa Chicago mwaka wa 1932 kwa dola 100,000. Mwishoni mwa 1933 Cochrane na Grove waliondoka. Foxx alifuata mwaka wa 1935.

Safari hii hakukuwa na ufufuo. Kati ya 1935 na 1950, timu hiyo ilishika nafasi ya mwisho mara 10. Mwaka wa 1943 ilirudia aibu ya kupoteza mechi 20 mfululizo. Mack aliyeteuliwa mwaka wa 1937 kuingia katika orodha ya magwiji wa besiboli aliendelea kuketi katika benchi lile lile, suti na kola vikiwa vile vile, huku kumbukumbu zikimtoka na wasaidizi wake, akiwemo mwanawe Earle, wakifanya maamuzi mengi.

Doa jingine haliwezi kufichwa. Kama klabu nyingine zote za ligi kuu, Athletics ilifunga milango kwa wachezaji weusi kwa miongo kadhaa. Hata baada ya kizuizi hicho kuvunjwa mwaka wa 1947, haikumchezesha mweusi hata mmoja chini ya Mack. Wa kwanza, Bob Trice, alivaa jezi hiyo mwaka wa 1953.

Mack aliachia usukani Oktoba 1950 akiwa na umri wa miaka 87. Wanawe Roy na Earle walibaki na klabu iliyolemewa na mikopo, na mwaka wa 1954 ikauzwa. Ilihamia Kansas City mwaka wa 1955, kisha Oakland mwaka wa 1968. Baada ya msimu wa 2024 iliondoka huko pia. Mzee aliishi kushuhudia timu aliyoilea ikihama Philadelphia. Alifariki Februari 8, 1956, akiwa na miaka 93.

Wapo wanaomwona kuwa bahili aliyethamini noti kuliko mashabiki. Wengine humwona kama mfanyabiashara ambaye hakuwa na mapato mengine ila ya langoni, tofauti na matajiri waliomiliki timu kwa ajili ya sifa. Pande zote mbili zina hoja. Mwaka wa 1914 alikuwa na sababu za kuuza. Mwaka wa 1916 sababu hizo zilikuwa zimepungua mno, na bado aliuza.

Jambo moja halina ubishi. Mwaka wa 2024, Chicago White Sox ilipoteza mechi 121 na kuvunja rekodi ya vichapo vya enzi hizi. Lakini ilicheza mechi 162 na kushinda 41. Kwa kupima ushindi dhidi ya idadi ya mechi, vijana wa Mack wa 1916 wangali chini kabisa. Mgala muuwe na haki yake umpe: ni kocha huyo huyo aliyewapa mashabiki wa Philadelphia timu mbili bora kuliko zote walizowahi kuziona, na ni mkono ule ule uliotia saini hati za kuziuza.